MKWECHE WA SHEMEJI NA HELA ZA OBAMA

Sogea, leo kuna kasheshe la mkweche.

Jumamosi nilishuka kutoka Kibosho na Noah ya shemeji. Kwa nje utasema bomba: imepigwa rangi, nyuma imeandikwa maneno matamu. Ngoma inaanza inaposimama mteremkoni kupakia ndizi. Konda anaruka chini na jiwe mkononi, analichomeka mbele ya tairi. Hilo jiwe ndiyo hendibreki! Ndani tumebanana, mama mmoja kapakata ndoo ya maziwa, na kila mtu anajifanya hajaliona.

Tulipofika stendi nikamwambia, "Shem, hii gari itatuua."

Akacheka. "Mangi, mpya utaninunulia wewe? Mbona Obama alinunua mikweche ya watu wake? Na huku serikali ifanye hivyo hivyo."

Hoja hiyo nikaona si ya kuiacha stendi.

Ni kweli ilitokea. Mwaka 2009 uchumi wa dunia ulikuwa hoi na viwanda vya magari vya Marekani vinalia njaa. Serikali ikasema: leta gari lako linalobugia mafuta, upate punguzo la dola 3,500 au 4,500 kwenye jipya. Watu walifurika mpaka dola bilioni 1 za mwanzo zikayeyuka, Bunge likaongeza bilioni 2. Mpaka mwisho wa Agosti mikweche karibu 680,000 ilikuwa imesalimishwa. Ujerumani nao mwaka huohuo walitoa euro 2,500 kwa gari la miaka tisa au zaidi, jumla euro bilioni 5.

Sasa fundi wa Majengo unayesoma hapa, kaa chini kwanza. Kule Marekani sheria ilitaka injini iuawe. Wanamwaga oili, wanamimina dawa iitwayo sodiamu silikati, wanaiwasha mpaka inanoki moja kwa moja. Injini inayotembea! Kwetu injini kama hiyo inasomesha watoto.

Je, ililipa? Wachumi wawili, Atif Mian na Amir Sufi, walipiga hesabu wakaona kwa ile miezi miwili yaliuzwa magari kama 370,000 zaidi ya kawaida. Lakini kufikia Machi 2010 mauzo yalikuwa yameshuka kiasi cha kufuta karibu nyongeza yote. Wengi walikuwa watanunua tu, waliwahisha. Ni kama Moshi yetu ya Desemba: wanaotoka Dar wanapanda, nyama inagombaniwa, baa hazina viti. Njoo Januari umwone mwenye baa anavyopiga miayo.

Shemeji akang'ang'ania: "Hao ni Wazungu. Afrika je?"

Afrika ipo. Afrika Kusini, kuanzia 2006, serikali ililipa randi 50,000 kwa kila teksi kuukuu ya abiria iliyopelekwa kusagwa. Tamu, siyo? Ila gari jipya liliuzwa mara kadhaa ya hizo, kwa hiyo zilizobaki ni deni la benki. Ukikosa abiria, benki haijui. Hapo shemeji akanyamaza.

Kuna na jingine. Mmarekani akinunua gari jipya, sehemu ya hela inabaki kwa wafanyakazi wa viwanda vya kwao. Noah ya shemeji ilikuja na meli kutoka Japani. Serikali ikimpa ruzuku, kodi yako na yangu itapanda meli hiyohiyo ikirudi. Watakaobaki wanatazamana ni fundi, muuza spea na konda.

Sisi tumechukua njia nyingine. Gari likishapita miaka minane linatozwa ushuru wa ziada linapoingia nchini. Kenya ndiyo kabisa, la zaidi ya miaka minane hawalitaki. Lakini ukipandisha bei ya kuingia, mwenye mkweche ndani analikumbatia zaidi. Ndiyo maana lile jiwe la Kibosho bado lina kazi.

Mimi ningepewa hizo hela nisingenunua mikweche, ningenunua breki. Lete pedi zilizokwisha, chukua mpya kwa nusu bei, fundi wa mtaani afunge, trafiki akague. Pedi nazo zinatoka nje, sikatai, ila hela ya ufundi inalala Moshi, na yule mama anafika na maziwa yake.

Nikamwambia shemeji asisubiri serikali, akate kwenye hesabu ya wiki yake. Akaguna, akaondoka bila kuaga.

Jumatano kanipigia. "Shem, nimefunga breki mpya, na hendibreki inashika."

"Safi! Na lile jiwe?"

"Lipo chini ya siti. Huwezi jua."

Haya, tukutane wiki ijayo. Ukipanda Noah, chungulia chini ya siti.