Godauni la mbuzi, fundi mvuani



Acheni nitoe dukuduku langu, maana nikilala nalo usiku mwingine litanipasua kifua. Mvua ya jana usiku imechana turubai langu. Milango minne ya kabati la mteja, niliyoiranda wiki nzima, imevimba na kupinda kama mkate wa jana. Mteja anataka kabati lake au arudishiwe malipo ya awali. Hela yenyewe nilishanunulia mbao.

Mimi ni fundi seremala hapa Tanga. Nilikuwa na banda kando ya barabara hadi mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo tulipoambiwa tupishe. Sikubisha, nikaambiwa nitafute eneo rasmi. Eneo nimeliona: godauni la zamani la mkonge, mwendo wa dakika tatu tu kutoka hapa nilipo. Kuta nene, paa linavuja sehemu mbili, mlango wa chuma bado unateleza kwenye reli yake ukiusukuma kwa bega. Maseremala, wachomeleaji na mafundi cherehani thelathini tungeenea humo bila kugongana viwiko. Wapangaji wa sasa ni mbuzi wa mlinzi.

Tukajikusanya mafundi kumi na wawili, tukaandika barua: tutalipa kodi, na paa tutaliziba wenyewe. Ofisi ya kwanza ikasema jengo si lao. Ya pili ikasema mhusika yupo semina. Wiki iliyofuata yupo likizo. Siku nilipompata, barua haionekani, andika nyingine. Jana asubuhi, ofisi ya tatu, bwana mmoja akanijibu huku macho yapo kwenye simu: "Mzee, lile ni jengo la kihistoria, haliguswi." Usiku wake ndiyo mvua ikanyesha.

Kijana wa jirani anayesoma sheria amenieleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mkonge wenyewe uliletwa nchini na Mjerumani Hindorf mwaka 1893! Kama hilo godauni ni la kabla ya 1863, lilijengwa kuhifadhi nini, upepo? Kama yupo waziri aliyetangaza kwamba lilindwe, nionyeshwe tangazo, nitanyamaza. Na kama ni historia kweli, nani aliwaruhusu mbuzi?

Marehemu baba yangu alibeba marobota ya mkonge mle ndani, enzi nchi hii ikiongoza duniani kwa zao hilo. Historia ya jengo lile ni jasho. Msumeno ukilia humo hatuiharibu historia hiyo, tunaiendeleza. Kinachoiharibu ni kutu na mkojo wa mbuzi.

Na hawa wanasiasa wetu nao! Kabla hatujaambiwa tupishe, tuliimbiwa Tanzania ya viwanda mpaka masikio yakaota sugu. Nikanunua kitambulisho cha mjasiriamali kwa shilingi 20,000, nikiambiwa sitasumbuliwa tena. Ninacho mpaka leo, kimepauka hata jina langu halisomeki. Wakati wa kampeni mheshimiwa alisimama kwenye banda langu, akashika randa, akapigwa picha, akaondoka na maranda kwenye viatu. Randa yenyewe aliishika kinyume.

Siombi kujengewa soko jipya la ghorofa lenye utepe wa kukata. Majengo yapo, tena yalijengwa kwa ajili ya kazi. Yakaguliwe, yapangishwe kwa mafundi kwa mkataba unaosomeka, na atakayebomoa ukuta wa zamani afukuzwe. Wahusika wasome barua hii kabla masika hayajaanza. Ufunguo wa godauni anao mlinzi, na mbuzi tutawahamisha kwa adabu.

Fundi seremala,
Tanga.