Rasiberi Yafaa Nyumbani, Lakini Tusidanganyane



Huenda umekwisha kusikia habari za rasiberi. Mmoja atakuambia kwamba majani yake ni chai nzuri, na hilo ni kweli. Mwingine atakuambia kwamba majani hayo huponya kila ugonjwa, na ya kuwa eka moja itakutajirisha. Hayo usiyapokee mbio. Shauri langu ni hili: panda mashina kumi hivi karibu na nyumba, kwa kikombe cha watu wako. Using'oe viazi, wala usipunguze malisho ya ng'ombe kwa ajili yake.

Rasiberi asili yake ni nchi za baridi za Ulaya na Asia, kwa hiyo hustawi katika nyanda zetu za juu. Hata kando ya misitu ya Nyandarua wako ndugu zake wa mwituni wenye miiba. Majani yaliyokaushwa hutoa kinywaji kikali kidogo, kama chai yetu iliyoanza kupandwa Limuru mwaka 1903, lakini hakina kafeini, ile nguvu inayomnyima mtu usingizi. Basi waweza kukinywa hata usiku. Tena mmea huu hutoa machipukizi kutoka mizizini. Jirani aliye nao aweza kukugawia bila kukutoza hata shilingi. Lakini kwanza utazame majani ya shina la mama: yakiwa na madoadoa ya manjano au yamejikunja, usichukue machipukizi yake.

Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji, maana mizizi huoza upesi. Usipande pale palipokuwa na viazi au nyanya miaka ya karibuni. Uko ugonjwa wa kunyauka unaokaa udongoni, nao hushika mimea yote hiyo. Usipande hata kando ya viazi, kwa sababu dawa unayopuliza hupeperushwa na upepo ikaangukia majani utakayokunywa. Acha futi mbili baina ya shina na shina, tia samadi iliyooza, na funika udongo kwa nyasi kavu. Shina lililokwisha kuzaa hufa. Likate chini kabisa, na machipukizi mapya yatachukua mahali pake.

Kazi ya kukausha ndiyo inayoharibiwa na watu wenye haraka. Chuma asubuhi, umande ukiisha, majani machanga yasiyo na madoa, kabla maua hayajatoka. Usimalize majani ya shina moja, au hutaona matunda. Yatandaze kivulini penye hewa, juu ya wavu au gunia safi, uyageuze kila siku mpaka yavunjike mkononi kama karatasi kavu. Jani lililokauka nusu litaota ukungu ndani ya mkebe, na lenye ukungu ni la kutupa, si la kunywa. Kijiko kimoja cha chai chatosha kikombe kimoja. Mimina maji yanayochemka, funika, na ngoja dakika kumi.

Sasa neno kwa mabibi, na waume zao walisikie. Tangu zamani wanawake wa Ulaya wamekunywa majani haya wakiwa waja wazito, wakitumaini kuzaa kwa urahisi. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Australia kwa wanawake 192. Hatua ya kwanza ya uchungu, iliyo ndefu kuliko zote, haikufupishwa. Kwa hiyo mtu asimwambie mama kwamba kikombe hiki kitafanya kazi ya kliniki. Mja mzito asiyanywe kabla ya kumwuliza mwuguzi au daktari, na uchungu ukianza, aende hospitali. Tena, majani haya, kama chai ya kawaida, huzuia mwili usipate madini ya chuma kutoka katika chakula. Mwenye upungufu wa damu asiyanywe pamoja na mlo.

Na habari ya pesa? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Maziwa na viazi vina wanunuzi unaowajua. Anayekuuzia miche kwa bei kubwa, huku akikuahidi kwamba atarudi kununua majani, mwulize maswali matatu: Atanunua kilo kwa bei gani? Ataandika mkataba? Ni nani amekwisha kumwuzia akalipwa? Akishindwa kujibu, funga mfuko wako. Ada ya shule haingojei majani yakauke.

Lakini mashina kumi ya nyumbani hayamfilisi mtu. Yatakupa kinywaji, yatawapa watoto matunda, na yatakufundisha tabia ya mmea huu kabla hujaukabidhi hata robo eka. Anza hapo.