Saa ya jimnastiki: tunaogopa nini?



Siku ya nne ya juma lililopita kengele ya jimnastiki ililia, nami nikarudi mbio ndani ya kalasi kuchukua kikwembe changu nilichosahau. Nikakuta wasichana kumi na mmoja wamebaki. Mmoja alisema tumbo inamuuma. Mwingine alisahau kapitula nyumbani, na hii ni juma la tatu anaisahau. Wawili walisema wako nakopia somo la kifaransa. Wengine hawakutoa sababu yoyote, walikaa tu kimya wakiangalia daftari iliyofungwa. Hata wavulana, musicheke: wawili walikuwa nyuma ya choo mpaka saa ikaisha, na munajijua.

Mwalimu anafikiri huu ni uvivu, anaandika sufuri. Mimi ninasema sio uvivu. Kati ya wale kumi na mmoja kuna dada mmoja ambaye kila asubuhi, mbele ya kuja ku masomo, anapandisha bidoni mbili za maji toka mtoni mpaka kwao juu ya kilima. Siku ya posho anatoka shamba na mzigo wa mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anatembea saa mbili. Mtu kama huyu utamwita mvivu? Mwili wake una nguvu kuniliko mimi na wewe. Vijana wanaosukuma chukudu toka milimani mpaka sokoni Butembo hakuna aliyewafundisha jimnastiki, na hakuna anayewachekelea. Lakini mwambie yule dada aruke kamba mbele ya kalasi, miguu inakuwa kama ya udongo.

Basi tusidanganyane. Hatuogopi mazoezi, tunaogopa macho.

Ninajua maneno haya kwa sababu nilipita humo. Nilipokuwa la saba, ku masomo mengine, tulipangwa mstari mmoja kuruka kamba iliyofungwa kwa miti miwili. Kila mtu aliitwa kwa jina lake, wengine wote wamekaa chini wakiangalia. Nilikuwa mnene wakati ule. Nilikimbia, nikafika mbele ya kamba, nikasimama. Nikarudi. Nikakimbia tena, nikaanguka na kamba na mti pamoja. Walicheka wote, na mwalimu alicheka pia. Toka siku ile mpaka mwisho wa mwaka jina langu lilikuwa Gunia. Miaka miwili nzima sikuweka mguu kiwanjani. Nilijifunza magonjwa mengi: malaria, jino, tumbo, na kufiwa na shangazi ambaye mpaka leo anauza makala na yuko muzima. Kila mara nilisema uongo, jioni nilisikia haya mbele ya Mungu, lakini haya ya watu ilikuwa kubwa zaidi. Ndiyo ubaya wa woga huu: haukunyimi tu mchezo, unakufundisha uongo.

Sasa juu ya macho ya watu. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa universite ya Cornell, Marekani, waliandika juu ya jaribio walilofanya na wanafunzi. Walimvalisha mwanafunzi tirikó yenye sura kubwa ya mwimbaji ambaye vijana wangesikia haya kumvaa kifuani, wakamwingiza katika chumba walimokuwa wenzake. Baadaye wakamwuliza: wangapi wameona ile sura? Wanafunzi walikisia kwamba karibu nusu ya watu wameona. Kweli yenyewe ilikuwa karibu robo. Nilipofundishwa habari hii nilicheka peke yangu. Mimi nilifikiri Butembo yote iko naangalia miguu yangu! Kumbe kila mmoja alikuwa anawaza miguu yake mwenyewe. Wale waliokuwa wamekaa chini wakingoja kuitwa, leo ninaamini kwamba nusu yao walicheka kwa sababu waliogopa zamu yao.

Lakini sitaki kusema kwamba hakuna anayecheka. Wako. Na wakati mwingine dunia nzima inacheka. Baba zetu wanajua habari ya Mwepu Ilunga. Mwaka 1974 timu yetu ya taifa, wakati nchi inaitwa Zaire, ilikuwa bingwa wa Afrika na ikaenda kombe la dunia kule Ujerumani. Ilipigwa na Scotland 2 kwa 0, halafu na Yugoslavia 9 kwa 0. Siku ya kucheza na Brazil, mwamuzi aliwapa Wabrazil mpira wa kupiga. Mbele hawajaupiga, Mwepu akatoka mbio katika ukuta wa wenzake na kuupiga yeye, mbali kabisa. Watu walicheka na bado wanacheka: angalia Waafrika hawa, hata sheria za mpira hawazijui. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba sheria alizijua vizuri. Wachezaji hawakulipwa pesa zao, na walikuwa wametishwa kwamba wasipigwe mabao mengi na Brazil. Mchezo uliisha 3 kwa 0. Mwepu alikufa 2015, na mpaka leo kuna watu wanaojua kile kicheko tu, hawajui kwamba mtu yule alikuwa bingwa wa Afrika. Mwenye kucheka haoni kilicho moyoni mwa anayekimbia. Basi ukimwona dada amesimama mbele ya kamba, usiharakishe kucheka. Hujui ametoka wapi.

Na hapa ninafika ku jambo ambalo hatulisemi. Wengi wetu tulitoka upande wa Beni. Toka Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kule, mbio zina maana nyingine kwetu. Ukiona mtu anakimbia barabarani huulizi anafanya mazoezi gani. Mama anaacha sufuria ku moto, anashika mtoto, anakimbia pia, halafu ndipo anauliza kuna nini. Siku ya kwanza niliporudi kiwanjani hapa, kalasi nzima ilianza kukimbia nyuma yangu, miguu mingi, na filimbi ikalia. Nilitoka ku mstari nikakimbia mpaka ku ukuta wa kanisa. Wengine walifikiri ninafanya mchezo. Mwalimu alikuja polepole, hakupiga kelele, akasema: «Pumua, mwanangu. Ni jimnastiki tu.» Namshukuru mpaka leo. Woga wa namna ile hauondoki kwa kuandikiwa sufuri. Tena sio woga wote ni mubaya: anayekataa kukimbia peke yake alfajiri ku barabara isiyo na watu, huyo ana akili, na mimi pia sitaenda.

Wako wanaoniambia: lakini Paulo alimwandikia Timoteo kwamba zoezi la mwili lina faida kidogo. Wandugu, hii ndiyo aya pekee ambayo wavivu wa kalasi yetu wanaijua kwa moyo! Paulo alisema kidogo, hakusema hakuna. Na kwa Wakorinto alijifananisha yeye mwenyewe na mtu wa mbio na wa ngumi. Shirika la Afya la Dunia linashauri vijana wa umri wetu dakika 60 za kutikisa mwili kila siku. Sisi tuna saa moja katika juma, nayo tunaitoroka.

Nilivyofanya mimi ni hivi. Rafiki mmoja, simutaji jina kwa sababu atanikasirikia, aliniona ninakaa kalasini, akaniambia: tukutane kiwanjani masomo yakiisha, wakati hakuna mutu. Siku ya kwanza tulizunguka mara moja, tukitembea tu. Siku ya pili tulitembea upande mmoja, tukakimbia upande mwingine. Moyo ulinipiga vibaya, nikafikiri woga umerudi. Baadaye mwalimu wa biolojia alitueleza: mtu akiogopa, mwili unamwaga adrenalini katika damu, moyo unapiga haraka, mikono inatoa jasho, pumzi inakatika. Mtu akikimbia, mambo ni karibu yale yale. Kumbe sikuwa naogopa, nilikuwa nakimbia! Tena Butembo ni juu, zaidi ya meta 1,700, na hewa ni nyembamba kuliko kule Beni. Anayetoka chini atahema majuma ya kwanza hata kama ana nguvu ya ng'ombe. Asisikie haya, angoje tu damu yake izoee. Baada ya mwezi tulikuwa watano, na siku ya nne niliingia ku mstari pamoja na wengine. Sikupata pointi nyingi. Kamba bado inanishinda.

Sasa ninaomba, kwa heshima, Bwana Prefe na walimu wetu wanisikilize. Musituite mmoja mmoja mbele ya wote siku ya kwanza. Mutupange makundi ya watu watano au sita, kila kundi na kamba yake, watu wote wakiruka kwa wakati mmoja. Nani atapata nafasi ya kuchekelea mwingine? Tena majina mabaya yakatazwe kiwanjani sawa vile yanakatazwa kalasini. Juu ya nguo nitasema polepole, kwa sababu wazee wa kanisa wanasoma pia kijarida hiki: kuna wasichana ambao wazazi hawakubali kapitula, na mimi siwagombezi wazazi. Lakini treningi ndefu chini ya kikwembe inamkosesha nani? Na kuna siku za mwezi ambazo msichana hawezi kumwelezea mwalimu mwanaume. Apewe mama mmoja wa kumwambia, basi, pasipo maswali, na ule uongo wa tumbo na jino utapungua wenyewe.

Nimesikia mwalimu mmoja akisema kwamba woga unaondoka kwa fimbo. Simkubalii. Fimbo inaleta mtu kiwanjani, kweli, lakini anakuja na woga wake na wa fimbo juu.

Wavulana wawili wa nyuma ya choo, wasichana kumi na mmoja, na watoto wa la saba ambao wameanza kujifunza magonjwa kama mimi: sisi watano tuko kiwanjani siku ya pili na siku ya nne masomo yakiisha, upande wa mikaliptusi, pale ambapo ku barabara hawaoni. Tunaanza na kutembea. Kuja na kapitula, kuja na kikwembe, kuja hata na unifome. Hakuna filimbi.

Mwanafunzi msichana, la tatu Pedagojia