Busia na Tororo: Bakteria walao methani na mustakabali wa vinamasi vya mpakani

Mjadala kuhusu vinamasi vya mpaka wa Kenya na Uganda kwa kawaida huhusu ardhi: nani alime mpunga, nani avune mafunjo, na mifugo inyweshwe wapi wakati wa kiangazi. Ni nadra kutajwa viumbe wadogo mno wanaopunguza gesi ya methani inayofika angani kutoka katika matope hayo.

Mto Sio hupita Busia na kuingia Ziwa Victoria, ukilisha kinamasi cha Sio-Siteko kilicho katika nchi zote mbili. Mto Malaba nao hupita Tororo ukielekea bonde la Ziwa Kyoga. Chini ya maji yaliyotuama, pasipo na oksijeni, vijidudu huozesha mimea na kuzalisha methani. Kwa kipimo cha miaka 100, gesi hiyo huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa yenye uzito uleule.

Hata hivyo, si methani yote hutoroka. Juu ya tope na kandokando ya mizizi, mahali oksijeni inapokutana na gesi hiyo, huishi bakteria ambao methani ndiyo chakula chao.

Mfano ulio wazi zaidi katika ukanda huu ni Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo. Vilindi vyake vina takriban kilomita 60 za ujazo za methani, lakini inayofika hewani ni kidogo mno, kwani sehemu kubwa ya inayopanda huliwa njiani. Hata vichuguu vina walinzi hao: utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2018 ulibaini kuwa takriban nusu ya methani ya mchwa huliwa kabla ya kutoka.

Jambo hili lina uzito wa kisiasa. Kinamasi kikihesabiwa kuwa chanzo cha gesi tu, hoja ya kukikausha hupata nguvu. Lakini kinamasi kilichokaushwa huachia kaboni iliyozikwa kwa muda mrefu, na kikigeuzwa shamba la mpunga lenye maji, methani huendelea kutoka.

Kwa wakulima wa Busia na Tororo, wanaohitaji chakula leo, hoja ya bakteria pekee haitoshi. Nairobi na Kampala zitalazimika kupima kwa pamoja kinachotoka, kinacholiwa na kinachohifadhiwa, kwani uamuzi wa upande mmoja hufuata maji hadi upande wa pili.