Redio ya Mitumba

Baba watoto alileta redio ya CB ya mitumba, ile ya mawasiliano wanayotumia madereva wa malori huko Marekani. Kila akiiunganisha na betri ya gari, fyuzi inaungua. Akataka kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi. Nikakataa, waya ungeshika moto, na watoto wanalala pale pale! Fundi akakuta dayodi ya ulinzi imeungua: aliyekuwa nayo aligeuza nyaya, chanya ikawa hasi. Mpya ni bei ya fungu la mchicha. Akatuonya tusibonyeze kitufe cha kusemea kabla ya kufunga antena, maana transista ya kurushia ikiungua, hiyo ndiyo ghali. Sasa baba watoto anataka nguvu izidi zile wati 4. Nimemwambia akaulize leseni kwanza.