Taa za Madabodi Hazitunzi Video Zako

Wasee, hii stori ya seva za nyumbani imefika Thika na Ruiru, na tayari tunaianza vibaya. Mtu anataka kasanduku kadogo ka kuhifadhi video zake kwa keja. Akiuliza anunue madabodi gani, anaelekezwa kwa ile ya gemu, yenye taa za rangi na bei ya kukutoa jasho. Mimi nasema huo ni upuuzi, na nitauonyesha kwa hesabu. Kampasi niliacha, hesabu sikuacha.

Kwanza, seva ni ya nini? Wengi wetu huku tunakula kwa kushuti: ruracio, harusi, grajuesheni za MKU. Video ya 4K ikirekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa moja. Zile GB 15 za bure za Google zinajaa kwa dakika 20. Ukisema utapandisha kwa klaudi, na intaneti yako inapandisha megabiti 10 kwa sekunde, saa moja ya video itakuchukua saa 10. Kwa hivyo kazi ya mteja inaishi kwa diski moja ya nje, ndani ya begi, ndani ya matatu. Ikianguka, harusi ya mtu imeenda. Utamwambia bibi harusi arudie?

Sasa tuje kwa madabodi. Kitu cha kwanza, hesabu matundu ya SATA. Unahitaji mawili kwenda juu, ndio diski mbili zibebe kitu kile kile na moja ikikufa usilie. Zile kompyuta ndogo za ex-UK, saizi ya kitabu, ni poa kwa ofisi, lakini nyingi zina nafasi ya diski moja tu ya inchi 2.5. Na soma kijitabu cha bodi kabla ulipe: kwa bodi nyingi, ukiweka SSD ya M.2, tundu moja la SATA linaweza kuzimwa.

Cha pili ni stima. Seva hailali. Mashine inayokula wati 70 usiku na mchana inamaliza yuniti 50 kwa mwezi. Ya wati 30 inamaliza kama 22. Hiyo tofauti utailipa kwa tokeni kila mwezi, miaka yote. Ndio maana mimi niko upande wa bodi za mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, zenye Intel N100 iliyotoka 2023. Chipu yenyewe imepangiwa wati 6. Chukua mfano wa ASRock N100DC-ITX: inatumia adapta ya volti 19 kama ya laptopu, kwa hivyo huhitaji pawasaplai kubwa. Ina matundu mawili tu ya SATA, lakini ukikua unaongeza kadi kwa sloti ya PCIe.

Cha tatu hakuna anayekiongelea. Tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilizima. Na huku mtaani hatungoji siku kubwa kama hiyo ndio stima ipotee. Hakikisha BIOS ya bodi ina chaguo la kujiwasha yenyewe stima ikirudi. Kama haina, na wewe uko Nairobi unashuti, hiyo seva ni sanduku tu. Tafuta pia UPS ndogo, juu kuzimwa ghafla kunaharibu faili zinazoandikwa.

Kuna wale watasema bodi kali inaleta kasi. Kasi gani? Waya wa mtandao wa gigabiti moja unapitisha karibu MB 110 kwa sekunde. Weka prosesa ya gemu hapo, waya utabaki ule ule. Wengine watasema wanataka pia kuchezea gemu. Sawa, nunua kompyuta ya gemu na uiite kwa jina lake.

Kama mfuko hauruhusu bodi mpya, ile kompyuta ya mezani ya ex-UK yenye matundu matatu au manne ya SATA si mbaya. Jua tu kwamba nyingi za ofisi zina bodi na pawasaplai za umbo lao wenyewe. Ikiungua, utazunguka ukitafuta modeli ile ile.

Na diski mbili zinazofanana si bakap. Ukifuta faili, inafutika kote. Nakala ya tatu ipeleke mbali, hata kwa shosho Gatanga.

Ukienda dukani, uliza maswali matatu: matundu mangapi ya SATA, wati ngapi ikiwa imetulia, na inajiwasha stima ikirudi? Muuzaji akianza kukuonyesha taa, mwambie asante, panda matatu urudi nyumbani na pesa yako.