Kurekebisha paji la uso lililotokeza si kubadili maumbile



Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie ugonjwa ambao ni nadra kuuona, lakini unafichua kosa tunalolifanya mara nyingi majumbani mwetu.

Kijana mmoja aliletwa zahanati na mama yake. Paji lake la uso, juu ya nyusi, lilikuwa likitokeza mbele mwaka hadi mwaka. Halikuwa jipu, lilikuwa gumu kama mfupa. Nyumbani walishasema ni jini. Mimi nami nikamwandikia dawa za mafua sugu, akarudi vile vile. Nakiri, sote tulimchelewesha. Hospitali ya rufaa walipompiga picha ya CT, ndani ya uvimbe ilionekana hewa tupu.

Ndani ya mifupa ya uso Allah (SW) ameweka vyumba vya hewa viitwavyo sainasi. Vipo kwenye paji, mashavuni, kati ya macho na nyuma ya pua, na kila kimoja kina kitundu cha kutokea puani. Kwa watu wachache chumba kimoja hutanuka kupita mpaka wake na kuusukuma mfupa nje. Madaktari huuita ugonjwa huu nyumosainasi dilatansi, jina lililotolewa mwaka 1918. Hutokea zaidi kwenye paji, na zaidi kwa wanaume wa miaka 20 hadi 40. Chanzo chake hakijathibitishwa. Baadhi ya wataalamu hudhani kitundu huwa kama vali, hewa ikaingia na kushindwa kutoka.

Wengine hawaumwi kitu. Wengine huumwa kichwa, husikia uso kubana wakipanda ndege, au huona kitu kimoja kama viwili. Hatari kubwa ipo kwenye chumba cha nyuma ya pua, kwani kimepakana na mshipa wa fahamu wa jicho. Kikitanuka, mtu anaweza kupoteza nuru ya jicho taratibu, na wakati mwingine hukutwa pia uvimbe wa utando unaouzunguka mshipa huo. Kwa hiyo picha ya CT ni lazima.

Asiye na dalili huweza kufuatiliwa tu. Mwenye dalili hufanyiwa upasuaji, kwani vidonge haviurudishi mfupa. Daktari hupitisha kifaa chembamba chenye kamera puani na kupanua kitundu ili hewa ipate njia. Paji lililotokeza, mfupa wake hukatwa, husawazishwa na kurudishwa mahali pake.

Hapo ndipo ami yake yule kijana alipokataa, akisema kugusa paji ni kubadili maumbile ya Allah. Kwa maoni yangu, tunachanganya mambo mawili. Mtume (SAW) amewakemea wanaojibadili kwa ajili ya urembo. Lakini Arfaja bin As'ad (RA), aliyekatwa pua vitani, aliweka pua ya fedha ikanuka. Mtume (SAW) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume! Habari hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi vipi tumzuie kijana kurudishiwa paji alilozaliwa nalo?

Mzazi, ukiona paji au shavu la mwanao linatokeza, au jicho linasukumwa nje au kufifia nuru, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Endelea kumsomea dua, ila dua isiwe kisingizio cha kukaa nyumbani. Baada ya upasuaji asipenge kwa nguvu. Daktari akimzuia kupandisha maji puani wakati wa udhu, asihofu, kwani kwa madhehebu ya Imam Shafi hiyo ni sunna, na udhu wake ni sahihi.

Yule ami alielewa tulipokaa naye. Kijana alipasuliwa, alhamdulillah, na jicho lake ni zima.

Wabillahi tawfiq.